Jeni, dawa na ugonjwa: namna ya kuchimba uhusiano wao ndani ya makala za sayansi

Kila muhula wa utafiti ukifika, simu yangu inajaa ujumbe unaofanana. "Kaka, msimamizi anataka ile picha ya maduara na mistari, naanzia wapi?" "Kaka, STRING imenipa mistari mia nne, nifute ipi?" "Kaka, BCL11A imeunganishwa na HBG1, naweza kuandika kwamba protini hizi zinashikana?" Hilo la mwisho lilinijia mara tatu ndani ya wiki moja, kutoka kwa watu watatu wasiojuana, na jibu lake ni hapana; sababu utaikuta hatua ya 5. Nimeona niandike mara moja, ili wa nne nimwelekeze hapa.

Mwongozo huu ni wako kama ni mwanafunzi wa uzamili, mfamasia, tabibu au mtu wa maabara asiyejua kuandika programu na asiye na mpango wa kujifunza wiki hii. Tutatumia zana nne, zote za bure: PubMed ya kutafutia makala za tiba, PubTator 3 ya kutambua majina na uhusiano ndani ya makala hizo, STRING ya kuchora mtandao wa protini, na Cytoscape ya kuchora mitandao mikubwa zaidi. Mfano wetu ni selimundu, au siko seli kama tunavyoiita wengi kliniki. Ni ugonjwa wa nyumbani, ndiyo. Hata kazi ya Anthony Allison ya mwaka 1954, iliyoonyesha kwamba mwenye jeni moja ya selimundu hupata kinga dhidi ya malaria, ilifanyika huku kwetu Afrika Mashariki. Lakini sababu yangu kubwa ni nyingine: majibu yake makuu tayari yanajulikana. Mtu akinunua mizani mpya huijaribu kwanza kwa kilo moja ya sukari ambayo bado imefungwa. Fanya hivyohivyo hapa. Ukiona zana inakupa jibu la ajabu kuhusu selimundu, utajua kosa liko kwenye zana au kwenye swali lako, kabla hujaipeleka kwenye ugonjwa ambao hakuna anayeujua vizuri.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kompyuta. PubMed na STRING zinafunguka kwenye simu, lakini Cytoscape haifunguki. RAM ya GB 8 inatosha. Chini ya hapo utafanya kazi huku ukisubiri sana.
- Intaneti. Kazi yenyewe haili bando sana, ila faili la kusakinisha Cytoscape ni mamia kadhaa ya MB. Lipakue ukiwa kwenye Wi-Fi ya chuo.
- Akaunti ya bure ya NCBI, kituo cha Marekani kinachoendesha PubMed, ili utafutaji wako wa PubMed uhifadhiwe.
- Excel au LibreOffice Calc. Hapa ndipo kazi ya kweli itaishia, usiidharau.
- Kiingereza cha kusomea ikisiri (abstract). Zana hizi zote zinasoma Kiingereza. Ukiandika "selimundu" hutapata kitu cha maana.
- Daftari, la karatasi au la kompyuta, la kuandikia tarehe na ulichotafuta.

Nadharia, kwa dakika mbili

Zana za kuchimba maandishi, kama PubTator na STRING, hufanya jambo moja la msingi: hupitia mamilioni ya ikisiri na kuhesabu majina gani yanatajwa pamoja. BCL11A, ambayo ni jeni, na himoglobini zikitajwa katika sentensi moja mara nyingi kuliko bahati ingeruhusu, zana inachora mstari. Zilizo bora zaidi hujaribu pia kusoma kitenzi kilicho katikati: inatibu, inazuia, inasababisha.

Faida yake ilionekana mapema. Mwaka 1986, Don Swanson wa Chuo Kikuu cha Chicago alisoma makala za mafuta ya samaki, zilizosema yanapunguza uzito wa damu na kugandamana kwa chembe sahani. Akasoma pia makala za ugonjwa wa Raynaud, zilizosema wagonjwa wake wana damu nzito. Makundi hayo mawili ya watafiti yalikuwa hayasomani. Swanson hakugusa maabara. Aliunganisha tu A (mafuta ya samaki) na B (damu nzito), kisha B na C (Raynaud), akapendekeza A kwa C. Alichokuwa nacho ni wazo la kujaribiwa, na yeye mwenyewe alilileta kama wazo. Wengi wetu tunakosea hapo.

Hatua ya 1: Andika swali lako kwa sentensi moja yenye kitenzi

Fanya hivi kabla ya kufungua kivinjari. "Jeni za selimundu" ni mada, bado halijawa swali. Swali letu liwe hili: ni jeni zipi zinazoamua mtu mwenye selimundu awe na himoglobini F kiasi gani, na dawa ya hydroxyurea inahusianaje nayo?

Himoglobini F (HbF) ni ile ambayo mtoto huwa nayo tumboni. Kwa kawaida hupungua sana baada ya kuzaliwa, na mgonjwa ambaye yake imebaki juu huwa na nafuu. Ndiyo maana makala zake ni nyingi, na ndiyo maana inafaa kwa mazoezi.

Usipokuwa na kitenzi hutajua mstari upi ubaki na upi uondoke. Ukikwama kwenye hatua ya 5, rudi hapa. Mara nyingi tatizo lilianzia hapa.

Hatua ya 2: Kusanya majina yote ya kila kitu

Hatua hii inachosha, na ndiyo inayorukwa kuliko zote. Fungua kanzidata ya NCBI Gene au tovuti ya HGNC, ambao ndio wanaotoa majina rasmi ya jeni za binadamu, kisha andika kwa kila kitu jina rasmi na visawe vyake.

Dawa yetu ina majina mawili: Wamarekani wanaandika hydroxyurea, Waingereza wengi hydroxycarbamide. Himoglobini nayo huandikwa hemoglobin na haemoglobin. Badiliko lenyewe la selimundu kwenye jeni ya HBB ndilo lenye majina ya kuchanganya zaidi: utakutana na E6V, Glu6Val, Glu7Val na rs334, na yote yanasema jambo moja. Hesabu ya zamani haikuhesabu asidi amino ya kwanza inayoondolewa protini ikishatengenezwa. Hesabu ya sasa inaihesabu, kwa hiyo 6 ikawa 7. Anayetafuta Glu7Val peke yake anaacha nje miongo ya makala.

Kwa jeni, anza na orodha hii: HBB, HBG1, HBG2, BCL11A, KLF1, MYB, ZBTB7A, GATA1, HBS1L.

Jihadhari na majina ya kufanana. Zipo jeni zinazoitwa CAT, MAX, SET, REST na IMPACT, na unaweza kukisia kompyuta inaona nini ikikutana na neno "impact" kwenye makala ya uchumi wa afya. Lakini mtego ulioninasa mimi ni HBS1L. Niliiona kwenye ramani yangu ya kwanza karibu na kila kitu cha selimundu, nikasimama mbele ya wenzangu na kueleza kwa kujiamini kwamba jina lake linatokana na himoglobini S. Halitokani nayo. HBS hiyo ni kifupi cha kitu kingine kabisa, cha familia ya protini za Hsp70. Kilichonichanganya zaidi ni kwamba HBS1L inahusika kweli na habari hii, kwa njia nyingine: eneo lililo kati yake na MYB kwenye kromosomu ya 6 linaathiri kiasi cha himoglobini F. Kwa hiyo ilikuwa jeni sahihi, mahali sahihi, kwa maelezo ya uongo. Ramani haikunionya, na haitakuonya wewe.

Hatua ya 3: Tafuta PubMed kwa maneno yaliyopangwa

Fungua pubmed.ncbi.nlm.nih.gov na uweke hii kama ilivyo:

("Anemia, Sickle Cell"[Mesh] OR "sickle cell"[tiab]) AND ("Fetal Hemoglobin"[Mesh] OR "fetal hemoglobin"[tiab] OR "foetal haemoglobin"[tiab] OR HbF[tiab])

[Mesh] inatafuta kwa lebo za mada zinazowekwa na maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani. [tiab] inatafuta maneno yenyewe kwenye kichwa cha makala na ikisiri. Unahitaji zote mbili kwa sababu makala mpya kabisa huenda bado haijapewa lebo, na zipo ambazo hazipewi kamwe.

Kosa la kawaida hapa ni alama za kunukuu. Ukiandika maneno bila alama, PubMed inakuongezea visawe yenyewe. Ukiyafunga kwa alama za kunukuu au kuyapa [tiab], inachukua ulichoandika herufi kwa herufi, ndiyo maana nimeweka tahajia zote mbili. Fungua Advanced, nenda kwenye History, kisha tazama Details uone PubMed ilielewa nini. Nimeona tasnifu ambayo mwandishi wake hakuwahi kutazama hapo hata mara moja.

Ukiridhika na matokeo, bonyeza Save, chagua All results, muundo wa PMID, yaani namba ya utambulisho ya kila makala. PubMed inakuruhusu kuhifadhi hadi makala 10,000 kwa mkupuo. Orodha hiyo ya namba ndiyo msingi wa kazi yako. Iite jina lenye tarehe.

Hatua ya 4: Uliza vitenzi kwa PubTator 3

PubTator 3 nayo ni ya NCBI, ipo kwenye www.ncbi.nlm.nih.gov/research/pubtator3. Imesoma ikisiri zaidi ya milioni 36 za PubMed pamoja na mamilioni ya makala kamili zilizo wazi, ikaweka rangi kwenye majina ya jeni, magonjwa, kemikali, mabadiliko ya jeni, spishi na seli za kukuzwa maabara (cell lines). Ukipita macho tu kwenye ikisiri zenye rangi zake unapata picha ya haraka, ila nguvu yake iko kwenye uhusiano.

1. Anza kuandika hydroxyurea. Litatokea pendekezo lenye alama ya kemikali, lichague hilo. Usibonyeze Enter kabla ya kuchagua, la sivyo itatafuta neno tu.
2. Fanya vivyo hivyo kwa sickle cell, uchague pendekezo lenye alama ya ugonjwa.
3. Sasa bana kwa aina ya uhusiano. Maandishi yatafanana na haya: relations:treat|@CHEMICAL_Hydroxyurea|@DISEASE_Anemia_Sickle_Cell
4. Badilisha treat iwe cause, uone kinachobaki.

Hiyo ya nne ndiyo niipendayo kwa kufundishia. Utakutana na makala zinazotaja hydroxyurea pamoja na vidonda vya miguu. Vidonda hivyo vinaweza kuletwa na dawa, na selimundu yenyewe pia huleta vidonda vya miguu. Sentensi inayosema "wagonjwa waliokuwa wakitumia hydroxyurea walikuwa na vidonda" inaweza kumaanisha mambo matatu, na kompyuta itachagua moja. Wewe huruhusiwi kuchagua bila kusoma.

Mtego mkubwa zaidi uko kwenye mwelekeo. BCL11A huzima jeni za himoglobini F. Hilo lilianza kuonekana kwenye tafiti za jenomu za 2007 na 2008, na ndilo lililozaa tiba ya kuhariri jeni iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani Desemba mwaka huohuo. Sasa tazama sentensi ambayo utaikuta kwa namna nyingi kwenye makala: "kupunguza BCL11A kuliongeza HbF". Ina BCL11A, ina "kuliongeza", ina HbF. Msomaji mvivu, awe mtu au mashine, atatoka na wazo kwamba BCL11A inaongeza HbF, kinyume kabisa cha ukweli. Kila ukiona "knockdown", "deletion", "silencing", "loss of" au "inhibitor", simama, ugeuze mwelekeo kichwani mwako, kisha ndipo uandike.

Vilevile kuna kukanusha. "Hatukupata uhusiano kati ya A na B" bado imezitaja A na B katika sentensi moja.

Hatua ya 5: Chora mtandao wa protini kwa STRING

1. Nenda string-db.org, bonyeza Search, chagua Multiple proteins.
2. Bandika zile jeni tisa, moja kila mstari. Kwenye Organism andika Homo sapiens. Usiiache kompyuta ikukisie spishi.
3. Itakuonyesha imeelewa protini zipi. Soma ukurasa huo kabla ya kubonyeza Continue.
4. Mchoro ukitokea, fungua Settings. Kiwango cha chini cha alama (score) kipo 0.400, kipandishe hadi 0.700.
5. Hapohapo Settings, ondoa tiki kwenye Textmining, kisha bonyeza Update. Hesabu mistari iliyobaki.
6. Irudishe Textmining, bonyeza mstari mmojammoja, usome ushahidi uliopo chini yake.
7. Ukimaliza, nenda Exports, upakue jedwali la TSV pamoja na picha.

Nakusihi usiruke namba 5. Mistari ya STRING ina rangi kwa aina ya ushahidi: ya waridi ni majaribio ya maabara, ya samawati hafifu ni kanzidata zilizopangwa na wataalamu, nyeusi ni jeni zinazowaka na kuzimika pamoja, na ya kijani-njano ni kutajwa pamoja kwenye maandishi. Ukiondoa maandishi na mtandao wako ukasambaratika, umejua kwamba ulichokuwa nacho ni watu kuongea. Huenda wanaongea ukweli. Ila kwenye ripoti yako usiandike "majaribio yanaonyesha".

Kuhusu ile alama: 0.900 ni makadirio ya uhakika kwamba uhusiano upo. Haisemi protini zinashikana kwa nguvu, wala haisemi uhusiano una umuhimu kwa mgonjwa.

Na sasa lile swali lililonifanya niandike. STRING inapounganisha BCL11A na HBG1, haisemi protini mbili zimegusana. BCL11A hukaa kwenye DNA, karibu na mwanzo wa jeni za HBG, ikazizuia zisisomwe. ZBTB7A hufanya kazi kama hiyo kwenye sehemu nyingine ya eneo hilohilo. Protini ya HBG1, ambayo ni kipande cha himoglobini F, haihitaji kukutana na BCL11A hata siku moja. Kwa hiyo andika "BCL11A inadhibiti jeni ya HBG1", ukataje makala. Kama unachotaka ni protini zinazogusana tu, ndani ya Settings badilisha aina ya mtandao kutoka full iwe physical, uone nani anabaki.

Hatua ya 6: Hamia Cytoscape ukiwa na zaidi ya jeni chache

Kwa jeni tisa STRING inatosha. Ukifika hamsini, picha ya kwenye kivinjari inakuwa wavu wa dagaa uliotatizika, na hapo Cytoscape inakufaa.

1. Pakua kutoka cytoscape.org. Kisakinishi kikikuuliza kuhusu Java, kiruhusu kiweke inayotakiwa. Usijaribu ile ya zamani uliyonayo.
2. Fungua menyu ya Apps, tafuta stringApp, isakinishe.
3. Kwenye kisanduku cha kutafutia kilicho juu ya kidirisha cha Network, bonyeza alama ya kubadilisha chanzo, chagua STRING: PubMed query.
4. Andika utafutaji wako wa PubMed, punguza idadi ya protini iwe 50, weka alama 0.700, utafute.

Nilipoiona mara ya kwanza niliipenda sana, maana hapa hutoi orodha ya jeni. Unatoa swali, nayo inapitia makala za swali hilo na kukuletea protini zinazotajwa humo kuliko kwingine. Zipange kwa safu ya alama ya uchimbaji maandishi, uone kama HBB na BCL11A zimetokea karibu na juu. Zisipotokea, swali lako lina kasoro.

Kisha tafuta wageni. UGT1A1 ikijitokeza usishangae: inahusika na bilirubini, na wagonjwa wa selimundu hupata mawe ya nyongo. APOL1 nayo inakuja kupitia figo. Huwa nawaambia wanafunzi wafurahie wageni lakini wawaombe kitambulisho, yaani PMID.

Hifadhi kazi kama faili la .cys kila nusu saa. Umeme ukikatika haukuombi ruhusa.

Hatua ya 7: Soma sentensi, jaza jedwali

Kila mstari unaotaka kuuweka kwenye tasnifu uwe na safu yake: PMID, sentensi yenyewe kama ilivyo kwenye makala, kitu A, kitenzi, kitu B, mwelekeo, ushahidi umetoka kwa nani (watu, panya, seli za maabara), na mwaka.

Mfano wa safu nzuri ni jaribio la REACH la mwaka 2019. A ni hydroxyurea, kitenzi ni inaongeza, B ni himoglobini F, na ushahidi ni watoto wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda. Safu ya aina hiyo ina uzito kuliko mistari ishirini ya kijani-njano.

Sehemu ya mwaka wengine wanaiona ya urembo. Tafuta dawa ya voxelotor na selimundu, utapata makala nyingi zinazosema inaongeza himoglobini na imeidhinishwa. Iliidhinishwa Marekani 2019, kweli. Septemba 2024 iliondolewa sokoni duniani kote. Makala za zamani hazikufutika, na zana inayohesabu makala itaendelea kuichora karibu kabisa na ugonjwa.

Soma angalau sentensi mbili kwa kila mstari, na moja kati yake iwe ya kundi lingine la watafiti. Maabara moja ikiandika makala sita kuhusu jambo moja, STRING inaona sita. Wewe una mashahidi wa nyumba moja.

Vipi kuhusu kuuliza roboti ya mazungumzo?

Uliza, kwa ajili ya kupata visawe vya hatua ya 2 au kuelewa ikisiri ngumu. Ila ikikupa makala, bandika PMID yake PubMed kabla ya kuamini. Nimeshaletewa orodha ya marejeo ambamo namba zilikuwa za kweli ila za makala nyingine kabisa, moja ikihusu magonjwa ya samaki.

Ikikwama

*PubMed inaleta sifuri.* Karibu kila mara ni mabano yasiyofungwa, au umenakili alama za kunukuu zilizopinda kutoka Word. Zifute, uzipige upya kwa mkono.

*PubMed inaleta maelfu.* Usikimbilie kubana miaka kwanza. Rudi kwenye kitenzi cha swali, uongeze kundi la tatu la maneno kwa AND.

*Jeni zangu zimegeuka tarehe.* Ni Excel. Ilikuwa ikigeuza SEPT2 na MARCH1 kuwa Septemba na Machi, hadi HGNC walipobadilisha majina hayo mwaka 2020 yakawa SEPTIN2 na MARCHF1. Makala na mafaili ya zamani bado yana majina ya awali, kwa hiyo usifungue TSV kwa kubonyeza mara mbili; iingize kupitia menyu ya Data, na safu ya jeni uiweke Text.

*Nimepata jeni zenye herufi ndogo, kama Bcl11a.* Hiyo ni ya panya. Binadamu huandikwa herufi kubwa tupu. Panya wana mpangilio wao wa jeni za himoglobini, kwa hiyo usichanganye safu.

*Mimi na mwenzangu tumetafuta kitu kimoja, namba zetu tofauti.* Linganisheni toleo la STRING, kiwango cha alama, full au physical, na tarehe. Ndiyo kazi ya lile daftari.

*Cytoscape inaganda.* Funga kivinjari, punguza idadi ya protini, zima programu nyingine. Ikifunguka bila stringApp, hakikisha intaneti ipo. StringApp huuliza seva kila unapotafuta.

*Makala imefungwa, wanataka dola.* Tazama kwanza kama kuna alama ya Free PMC article. Kisha muulize mkutubi wako kuhusu Hinari, iliyo chini ya Research4Life. Vyuo na hospitali nyingi za kwetu vimesajiliwa, na nywila iko kwa mkutubi ambaye hakuna anayemwuliza. Hatimaye mwandikie mwandishi mhusika. Wengi hutuma nakala siku hiyohiyo.

*Bado nimekwama.* Nitumie ujumbe, lakini usitume picha ya skrini iliyopigwa kwa simu. Nitumie faili la .cys, utafutaji wako wa PubMed kama ulivyouandika, na safu tatu za jedwali la hatua ya 7. Nitaanza na zile safu.